Mchanga Ulionguruma

Kitalu cha Miche,
Kibondo.
Jumapili, 20 Agosti 1978

Mpendwa mdogo wangu Rosa,

Mwakeye, mwana wa mama. Nakusalimu wewe kwanza, kisha mama yetu Ernesta, kisha wote wanaoota moto jikoni kwetu hapo Nyakitonto. Natumaini kifua cha mama kimetulia, maana vumbi la mwezi huu ni baya hata huku, na natumaini watoto wa darasa lako hawajakumaliza sauti. Ukitaka kujua habari zangu, mwili ni mzima. Nakula, natembea, kazini naonekana. Kilichopungua si cha mwilini, nawe utakiona humu ndani.

Pelagia alifika Alhamisi na mzigo wake wa karanga, akakaa barazani kwangu, akanywa maji, akanipa ujumbe wako neno kwa neno kama ulivyomkabidhi. Kwamba nikuambie, Reverien yu hai au amekufa. Kama amekufa upate kumlilia, na kama yu hai ujue yuko wapi. Akaongeza na yale ambayo hukumtuma: kwamba ndugu zake Theonest wa Heru wameshakuja mara mbili na pombe yao, na kwamba mjomba anasema mwanamke mwenye akili hamngoji mtu aliyemezwa na mchanga. Nilimjibu kwamba nitaandika. Alinitazama kama anayetaka kuuliza zaidi, kisha akajitwika mzigo wake akaenda sokoni.

Tangu siku hiyo nimeharibu karatasi nyingi. Nakuomba jambo moja, Rosa. Najua macho yako yatataka kukimbilia chini ya karatasi. Usikimbilie. Soma kama ninavyoandika, kwa sababu nikianza na mwisho hutaelewa, na ukishakosea kuelewa sina njia ya kukushika mkono kutoka huku.

Wewe unamjua Reverien kwa upande wako, mimi kwa upande wangu. Nilikuwapo siku ile ya mwaka sabini na mbili alipofika kwa Katekista Tharsisi, peke yake, suruali imekauka tope la mto Malagarasi, akiwa bado amevaa shati la shule ya kwao Burundi. Katekista alimwuliza baba yako yuko wapi, mama yako yuko wapi, naye akajibu kwamba anaomba kazi ya kulima. Hakusema kingine mwaka mzima. Baadaye akawa kama mtu wa kwetu, akajifunza kucheka Kiha, akaajiriwa pamoja nami kitaluni. Unakumbuka tulivyomtania kwamba ni bahili, kwa kuwa alitembea kwa miguu kutoka Kasulu mjini hadi Nyakitonto huku malori ya kijiji yakimpita na kumpigia honi apande? Wewe ulisema anataka kuokoa nauli ya kukununulia kitenge. Sote tulicheka, na yeye alicheka nasi.

Ilipokuja nafasi ya masomo ya Aljeria, ya kujifunza namna ya kuuzuia mchanga kwa miti, walitakiwa watu wawili kutoka huku, na mmoja wao awe anajua Kifaransa. Mwenye Kifaransa alikuwa yeye. Ndivyo tulivyokwenda. Aliniambia ndani ya ndege kwamba akirudi atakuja kwa mama na katekista kumaliza maneno yenu.

Rosa, sisi tumezaliwa mahali ambapo ardhi haiendi popote. Kilima ulichokiacha asubuhi unakikuta jioni, na bibi zetu walikikuta hivyohivyo. Kule si hivyo. Kule tulifikia mji mdogo wa mitende katikati ya mchanga, na siku ya kwanza walituonyesha shule. Madarasa ya upande mmoja yalikuwa na watoto wakisoma. Madarasa ya upande wa pili yalikuwa na mchanga hadi kwenye mabati, na juu ya mabati mbuzi amesimama. Niliuliza mchanga huo umemwagwa na nani. Wakanijibu kwamba ulikuja wenyewe, na kwamba unaendelea kuja.

Mwalimu wetu aliitwa Bwana Belkasimu, mtu mzima, msomi wa chuo kikuu, mzaliwa wa mji ule. Nyumba ya babu yake ililala chini ya mchanga, naye alitupeleka kutuonyesha ilipo. Tulisimama juu ya paa bila kuliona. Siku hiyohiyo alitulaza kifudifudi, mashavu chini, tutazame upepo unavyofanya kazi. Nilidhani nitaona vumbi likipeperuka. Niliona chembe zikirukaruka kama mahindi kwenye chungu cha moto, kila inayoanguka inaigonga nyingine, na ile nayo inaruka. Akatueleza kwamba kilima kizima hutembea hivyo. Chembe hupanda ule mgongo wa polepole unaotazama upepo, zikifika ukingoni zinamwagika upande wa pili, upande mkali unaoporomoka, na kesho ukingo umesogea mbele. Tulimwuliza kinachozuia ni nini. Alisema ni mvua na mizizi tu, na kwamba mvua ya maana hajaiona tangu alipooa.

Alitufundisha pia kwamba umbo la kilima ni maandishi ya upepo. Pale upepo wa mwaka mzima unapotoka upande mmoja, na mchanga si mwingi, kilima huwa kama mwezi mwandamo. Katikati ni kizito, kinakwenda polepole. Kandokando ni chepesi, kinakwenda haraka, ndiyo maana kinaota pembe mbili, na pembe hizo huelekea kule upepo unakokwenda. Pepo mbili zikipokezana, mchanga hujinyoosha kuwa tuta refu kama nyoka asiye na mwisho. Na zikija pepo kutoka kila upande, kilima hakiendi popote, bali kinapanda juu kama nyota yenye mikono, kikawa mlima. Halafu kuna yale makunyanzi madogomadogo ya juu, kama ya mchangani mtoni. Hayo, alisema, ni ya upepo wa leo tu. Msiyaamini. Kilima ni cha upepo wa miaka.

Reverien alinitafsiria yote hayo kwa furaha, maana alikuwa na kichwa chepesi kuliko mimi. Mimi niliogopa tangu siku ya kwanza, sikufichi. Nilikuwa nikilala nasikia chembe zikigonga dirisha, na nikiamka nakuta mstari mwembamba wa mchanga umeingia chini ya mlango na kuelekea kitandani kwangu. Nilikuwa naufagia kabla sijavaa. Kumbe aliyestahili kuogopewa alikuwa yeye, na hakuna aliyejua.

Mwezi wa nne tulitumwa kukagua wigo wa makuti uliozungushiwa kisima kimoja, mbali na mji. Tulikwenda watatu kwa Landrova: Bwana Belkasimu, Reverien na mimi. Njia ilipita kwenye uwanda mpana wenye vilima vya pembe, kimoja nyuma ya kingine kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na sisi tulikwenda upande uleule wa pembe zao. Kabla ya kufika, anga la kusini likawa rangi ya ngozi iliyoungua. Bwana Belkasimu alisimamisha gari, akalifunga, akatuambia tujifunike nyuso kwa nguo zenye maji. Alisema ni upepo wa kusini, ule wa moto, ambao si wa kawaida mahali pale, na usipokuwa wa kawaida ndipo mbaya.

Sina namna ya kukueleza upepo ule. Mchana uligeuka mwekundu, kisha kahawia, kisha hatukuonana tukiwa tumekaa bega kwa bega. Gari lilitikisika kama mtu anayelia. Nilisali rozari, nikapoteza hesabu, nikaanza tena, nikasahau maneno ya Salamu Maria ambayo tumeyajua tangu utotoni. Reverien alikuwa ameinamisha kichwa magotini na kuziba masikio, nami nilidhani ni mchanga anaozuia.

Upepo ulipolegea palikuwa na ukimya ulioniumiza masikio. Mlango mmoja haukufunguka kwa sababu mchanga ulikuwa umefika dirishani. Tulitokea ule mwingine, tukachukua makoleo, tukaanza kuchimba magurudumu. Hapo ndipo tulipoisikia sauti.

Ilianza chini, kwenye nyayo, kabla haijafika masikioni. Ngurumo nzito isiyokatika, kama lori lililobeba mzigo likipanda kilima kwa gia ndogo. Kisha ikawa kama malori mawili. Niligeuka kutazama barabara, nikijua kabisa kwamba pale hakuna barabara. Bwana Belkasimu hakuacha kuchimba. Alisema ni kilima tu: mchanga mkavu ukimwagika kwa wingi kwenye ule upande mkali, chembe zinasuguana na kilima kinanguruma, ni jambo la kawaida, tusihofu.

Hayo nilikuja kuelezwa baadaye, maana aliyasema kwa Kifaransa, na mtafsiri wangu hakutafsiri. Reverien alikuwa amesimama, koleo limemwanguka, uso wake umekuwa uso wa mtoto. Akasema neno moja la kwao, ambalo sisi Waha tunalielewa bila shida. "Baraje." Wanakuja. Kisha akakimbia.

Bwana Belkasimu alinishika bega akanielekeza kwa mikono. Nimfuate mimi, yeye abaki na gari, achome tairi la akiba ili moshi utuonyeshe njia. Nikakimbia. Reverien alikuwa anapanda migongo ya polepole na kutumbukia upande mkali, akikwenda kule pembe zinakoelekea, kwa sababu ndiko kwepesi kwa mtu anayekimbia. Kila nilipofika juu nilimwona anaingia nyuma ya kilima kingine. Nilimwita kwa jina. Nilimwita kwa jina lako. Halafu upepo ukainuka tena, kidogo tu, wa kufika magotini, ukawa unafuta nyayo mbele ya macho yangu kama mtu anayefuta ubao.

Nilifuata zile zilizobaki hadi kwenye ukingo wa kilima kikubwa, na pale zikaisha. Chini yangu upande mkali ulikuwa na kovu jipya, mahali mchanga ulipokatika na kuteleza. Chini ya kovu hapakuwa na mtu. Palikuwa pametandazwa vizuri kama unga kwenye ungo. Niliteremka kwa makalio, na kilima kizima kikaanza kunguruma chini yangu, nikasikia ngurumo ile hadi kwenye meno. Chini kabisa, kilima kinapoishia, niliona kiatu chake kimoja. Nikaanza kuchimba kwa mikono. Rosa, mchanga ule hauchimbiki. Unatoa gao moja, yanashuka mawili. Unatengeneza shimo, na juu yako ukuta mzima unakusogelea taratibu, unakujaza mgongoni, unakufunga miguu. Nilichimba nikiwa nimezama hadi kiunoni, kucha zikatoka damu, mdomo umejaa, sauti imekwisha, na nikaona wazi kwamba nikiendelea tutabaki wawili.

Hapa ndipo nilipotakiwa kuandika kwamba sikumpata.

Ndiyo, mdogo wangu. Barua hii ilipaswa kuishia hapa. Ilipaswa kukuambia kwamba mchanga ulimfunika, kwamba kilima kile kimetembea juu yake na kumwacha nyuma, kwamba umlilie kisha ulifute jina lake. Ndivyo nilivyoahidi kuandika, na nilipoanza asubuhi ya leo nilikuwa nimekusudia kuitimiza ahadi hiyo. Nimeshindwa. Nilimpata.

Mkono wangu uligusa kitambaa, kisha bega la moto. Nilipofukua uso nilikuta ameuficha ndani ya kwapa na kuuzungushia shati, ameacha nafasi ndogo ya kupumulia. Hakuwa amefukiwa. Alikuwa amejifukia. Macho yake yalikuwa wazi, alinitambua, akautoa mkono wake nje ya mchanga, si kunishika bali kuniwekea kidole mdomoni. "Hora," akaninong'oneza. Nyamaza. Akaanza kunivutia mchanga na mimi, anifunike, tusionekane.

Jinsi nilivyomtoa siijui vizuri. Nilimshika mkanda, nikavuta, mchanga ukashuka, nikavuta tena. Alipigana nami. Mwishoni alilegea akalia, ndipo tukatambaa hadi kwenye ardhi ngumu katikati ya pembe.

Nikamshika mkono turudi. Nikayafuata yale makunyanzi, kwa kuwa nilikumbuka tulivyoyavuka tukiwa tunakwenda, na tulitembea hivyo hadi ulimi ukanivimba, bila kuona moshi wala gari. Nikakaa chini. Nilijua tumepotea na nilijua watu hufa vipi kule. Ndipo nikatazama makunyanzi na kukumbuka kwamba ni ya upepo wa leo, ule mgeni wa kusini, na kwamba upepo ule uliyageuza yote madogo, lakini haukuwa na nguvu ya kugeuza vilima. Tulikuwa tumekwenda upande wa pembe. Basi kurudi ni lazima pembe zitutazame. Nikamgeuza Reverien, tukaanza kutembea kuelekea kwenye pembe zile, kilima baada ya kilima, kama watu wanaoingia katikati ya kundi la ng'ombe waliotuinamishia vichwa. Kila kilima nilichokipita niliogopa zaidi, kwa sababu kama nimekosea sikuwa na nguvu ya kukosea tena. Kisha nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Ule moshi mweusi, Rosa, ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona.

Hospitali ya kule walimtibu ngozi na macho, wakasema amepona. Mwezi uliopita tulirudi, na nikapangiwa hapa Kibondo, nikaja naye. Anaishi nami hapa kitaluni, nje ya mji, watu humwita mgonjwa wa bwana misitu. Alhamisi Pelagia alipokuwa barazani akinywa maji na kunipa ujumbe wako, Reverien alikuwa nyuma ya mlango. Alilisikia kila neno.

Sasa nikueleze kwa nini alitaka uambiwe amekufa. Si kwa kuwa hakupendi.

Tukiwa bado hospitali ndipo aliponisimulia, mara moja, na hajarudia. Siku askari walipokuja kuwachukua watu wa kwao, yeye alikuwa amejificha ndani ya lundo la maganda ya kahawa nyuma ya mashine ya kukobolea. Lori lilisimama karibu naye, injini haijazimwa. Baba yake alikuwa amekwisha pandishwa juu pamoja na kaka yake. Kwenye lundo palikuwa na upenyo, na baba yake akamwona. Walitazamana. Kisha mzee akageuza uso taratibu, akatazama upande mwingine, macho yake yasije yakamwonyesha askari mwanawe alipo. Lori likaondoka kwa gia ndogo. Hicho ndicho alichokaa nacho miaka yote hiyo tukimtania kuhusu nauli.

Alipokuwa huko Nyakitonto aliweza kukificha. Mchanga ule ulikifungua, na sasa hakifungiki. Upepo ukivuma kwenye mikaratusi anaacha kula. Injini ya gari kubwa ikisikika anatafuta mahali pa kuingia.

Wiki chache zilizopita, saa tisa za mchana, lori la tumbaku lilikuwa linapanda mlima kuja mjini. Mimi nilikuwa nimeinama napanga miche. Alinijia kwa nyuma, akaniangusha, akaniburuta chini ya kichanja cha kivuli, akanilalia na kuniziba mdomo na pua kwa mkono wake wote. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiambia sikioni, kwa upole kabisa, kama mama na mtoto: hora, hora, watapita. Nilimpiga, nilimng'ata. Hakusikia. Lori lilichukua muda mrefu kupanda, na kabla halijafika juu mimi nilikuwa sijui tena niko wapi. Hamis, mfanyakazi wetu, alitusikia akaja kuniondolea mkono ule. Reverien alipoona uso wangu ndipo alipoelewa alichofanya.

Jioni yake alipiga magoti mbele yangu, Rosa, mtu asiyewahi kumpigia magoti yeyote isipokuwa kanisani. Alisema kama angenichukia angejua namna ya kujizuia, lakini alikuwa ananiokoa, na kwa mtu anayemwokoa hajui mahali pa kuachia. Akaniuliza: "Nikimwoa Rosa, akazaa mtoto, mtoto akalia lori likipita, nitafanyaje?" Akaniomba nikuandikie kwamba alibaki kule, kwa sababu ukijua yu hai utakuja, na ukija hatakuwa na nguvu ya kukufukuza. Nikaahidi. Wakati ule, shingo ikiwa bado inaniuma, niliona ni busara.

Lakini tangu Pelagia alipoondoka nimewaza kwamba mimi si baba yake wala si wako, na hakuna aliyenipa ruhusa ya kumzika mtu anayekula meza moja nami. Wewe uliuliza swali la haki. Jibu ni kwamba yu hai. Yu hai na ni wa hatari, na hatari yake haina ubaya ndani yake, jambo linaloniogopesha kuliko kama ungekuwamo. Mganga mkuu wa hapa ameniambia kwamba huenda ikapungua kwa miaka na huenda isipungue. Asubuhi kukiwa shwari anafanya kazi vizuri, anazungumza, juzi alimcheka Hamis hadi akakaa chini. Alasiri upepo unaponyanyuka akili yake inakwenda mbali. Naandika yote mawili ili usije ukasema nilikuficha moja.

Ukimkubali Theonest, sitakulaumu, na nitakuja kwenye arusi nikicheza. Wala sitamwambia mama lolote kati ya haya mpaka wewe uniruhusu. Ukitaka kuja kumwona, njoo kwa basi la asubuhi, si kwa lori, na ukishuka usije moja kwa moja, tuma mtu kwangu kwanza. Usije kwa huruma. Huruma haitatosha hata hadi mwezi wa kumi. Na ukija, lala kwa masista. Nasema hivi si kwa ajili ya heshima tu.

Ninaandika haya kwenye meza ya dirishani. Yeye amekaa kizingitini nyuma yangu, anajaza udongo kwenye makopo ya miche. Anajua ninaandika kwa nani, na anadhani ninaandika tulichokubaliana. Hajageuka mchana kutwa. Sasa hivi tu, bila kuinua kichwa, ameniuliza kwa sauti ya kawaida: "Ildefonsi, umeshanizika?"

Nimemjibu kwamba bado.

Mpe mama salamu zangu na umwambie dawa ya kifua nitamtumia na Pelagia akipita tena. Msalimie Katekista Tharsisi, na watoto wote wa hapo. Wewe mwenyewe baki na amani kadiri itakavyowezekana baada ya karatasi hizi, na Mungu akusimamie katika neno utakalochagua.

Ni mimi, mwana wa mama yako,

Ildefonsi